Habari ya Gurudumu la Mbele



Mara nyingi katika karatasi hii mmesoma habari za ubatizo, za ndoa, na za shule zetu. Leo twaomba ruhusa kuwaandikia habari ya chombo, nacho ni gurudumu dogo la mbele la ndege ndogo. Labda mtu atauliza, Mwalimu wa dini ana shauri gani na magurudumu ya ndege? Twamjibu ya kuwa gurudumu hilo lilitufundisha somo ambalo tulikuwa tukiwafundisha wengine miaka mingi, na sisi wenyewe hatujalijua. Tena somo hilo lilikuwa na gharama, wala si sisi tulioilipa. Kwa sababu hiyo hatuwezi kunyamaza.

Wengi wenu mwaijua nchi yetu. Mkoa wa Simiyu ulifanywa mwaka 2012, na makao yake makuu ni Bariadi. Wilaya zake ni Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Ni nchi ya pamba na ya ng'ombe. Wakati wa kiangazi mtu aweza kwenda kwa baiskeli po pote apendapo. Lakini mvua zikinyesha, ule udongo mweusi wa mbuga huwa kama ugali usioiva, hushika miguu ya watu na magurudumu ya magari, na lori kubwa huzama hata ekseli. Twamshukuru Mungu kwa barabara ya lami itokayo Lamadi hata Bariadi. Lakini si kila kijiji kiko kando ya lami. Kwa vijiji vilivyo mbali, upande wa mashariki kuelekea Serengeti, masika huweza kuwafungia watu kama waliomo kisiwani.

Katika kijiji kimoja cha namna hiyo tulikuwa tukitumika mwaka 2014. Palikuwa na kiwanja cha nyasi, na kila mwezi ndege ndogo ilikuja ikimleta muuguzi pamoja na sanduku la chanjo za watoto na dawa za mama wajawazito. Ilikuwa ndege ya injini moja, yenye mabawa juu na magurudumu matatu: mawili chini ya tumbo, na moja mbele chini ya pua.

Hapa yafaa tueleze kidogo, ili msomaji asiyejua mambo ya ndege afahamu. Zamani ndege nyingi ndogo hazikuwa na gurudumu la mbele. Zilisimama juu ya magurudumu mawili makubwa na kigurudumu kimoja cha mkia, pua ikitazama mbinguni. Ndivyo ilivyokuwa ndege ya Jack Hemmings na Stuart King, wale Waingereza walioondoka kwao mwezi wa Januari mwaka 1948 kuja kutazama jinsi ndege ziwezavyo kuwasaidia watumishi wa Injili katika Afrika. Nayo ilianguka katika milima ya Burundi mwezi wa Julai mwaka huo huo, na wao wawili wakaokoka. Ndivyo ilivyokuwa na ile ndege iliyopakwa milia kama punda milia, ambayo Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliitumia kuhesabu wanyama wa Serengeti, jirani zetu. Michael alikufa ndani yake tarehe 10 Januari, 1959, ilipogongana na tai.

Ndege zenye gurudumu la mbele, kama Cessna 172 iliyoanza kuuzwa mwaka 1956, ni rahisi zaidi kuziongoza zikiwa chini, kwa kuwa rubani huona mbele yake, wala mkia hautaki kumzunguka. Lakini kila faida ina deni lake. Magurudumu mawili ya tumboni huchukua sehemu kubwa ya uzito, na miguu yake ni imara. Mguu wa mbele ni mwembamba, nao umefungwa penye ukuta wa chuma ulio kati ya injini na miguu ya rubani. Mbele yake huzunguka rafadha, yaani lile panga livutalo ndege. Mguu ule ukivunjika, rafadha hupiga ardhi, injini huumia, na ndege huweza kupinduka. Kwa hiyo rubani mwenye akili, akitua penye nyasi, huivuta pua juu muda mrefu awezavyo, na kuliweka gurudumu la mbele chini mwisho kabisa, mwendo ukiisha kupungua.

Basi, kazi yetu sisi ilikuwa ndogo. Siku moja kabla ya ndege kuja ilitupasa kukitembea kiwanja chote, hatua 900 kwenda na hatua 900 kurudi, tukitazama mashimo, vichuguu vipya, mawe na mizoga. Asubuhi yake ilitupasa kuwafukuza ng'ombe na mbuzi, na kumjibu rubani kwa simu. Hatukupewa mshahara kwa kazi hiyo, nasi tulijivuna kidogo kwa kuwa tulichaguliwa.

Jioni moja ya mwezi wa Machi tulitoka kama desturi. Tulipofika kama hatua 500 mvua ikaanza kunyesha. Hatukuwa na mwavuli, tena darasa la wanafunzi wa ubatizo lilikuwa likitungoja. Tukasimama, tukatazama mbele, tukaona nyasi zimesimama sawasawa hata mwisho. Tukasema moyoni, Huko nako ni vivi hivi. Tukarudi.

Mvua haikudumu, na asubuhi ardhi ilikuwa imekauka juu. Rubani, kijana Mtanzania mwenye adabu, akatupigia simu kutoka Mwanza. Akauliza, "Shikamoo, Mwalimu. Kiwanja kina hali gani? Umekitembea?" Tukamjibu, "Marahaba. Kiwanja chafaa, Bwana." Hatukusema ya kuwa tumekitembea chote, wala hatukusema ya kuwa hatukukitembea chote. Wasomaji, kuna uongo wa namna hiyo, ambao mwalimu aweza kuusema asubuhi na kuongoza sala saa ile ile, asione haya.

Ndege ikaja, ikatua vizuri. Tukaiona ikipita mbele yetu, pua juu. Halafu pua ikashuka polepole, na mwendo ulikuwa umekwisha kuwa mdogo. Mara tukaona imeinama kwa ghafula kama ng'ombe ajikwaaye, ikarukia juu kidogo, ikasimama. Hapana aliyeumia. Rafadha haikugusa chini. Watu wakapiga makofi, wakadhani yamekwisha.

Muuguzi akaanza kazi yake chini ya mti. Hata kabla ya adhuhuri wakaja watu mbio, wamembeba mwanamke juu ya kitanda cha kamba. Alikuwa mwanamke kijana, mimba yake ya kwanza, naye alikuwa katika uchungu siku ya pili. Muuguzi akampima, akasema, "Mtoto hawezi kupita. Lazima apelekwe kupasuliwa leo." Watu wote wakageuka wakaitazama ndege.

Rubani alikuwa amelala kifudifudi chini ya pua, uso wake karibu na tope. Mumewe yule mwanamke akamwendea, nasi tukamwendea, tukasema, "Bwana, mwite Mungu, tuondoke." Akatuambia, "Mwalimu, naomba uiname hapa nilipo." Tukapiga magoti.

Akatuonyesha mguu wa gurudumu. Ni kama shokapu ya pikipiki, ila ni mmoja tu: silinda moja imeingia ndani ya nyingine, na ndani yake mna mafuta na hewa iliyobanwa. Ndege itikisikapo, mafuta hupita katika tundu dogo na kupunguza kishindo, na hewa huubeba uzito kama chemchemi ya chuma. Akasema, "Kila siku kabla ya kuruka nautazama huu mti wa chuma uangazao. Yapasa kuonekana kwa upana wa vidole vitatu au vinne. Leo hauonekani kabisa. Mguu umelala." Kweli, mafuta mekundu yalikuwa yakichuruzika mpaka kwenye mpira. Kisha akatuonyesha vyuma viwili vilivyoungana kama mkasi nyuma ya mguu. Kazi ya mkasi huo ni kuzuia gurudumu lisigeuke upande lipendao. Chuma kimoja kilikuwa kimepinda.

Akasema, "Hayo nimeyaona. Lakini yaliyo ndani siyaoni. Na kwa kuwa siyaoni, siwezi kumweka mama huyu ndani ya ndege hii."

Watu walikasirika. Mmoja akasema, "Ndege gani hii inayoogopa tope?" Na sisi, tuliokuwa na hatia, tulikuwa wa kwanza kumsihi. Tulimwambia, "Tutaomba, na Mungu atatushika." Kijana yule alitutazama kwa huzuni, akajibu, "Tuombe, Mwalimu. Lakini sitamjaribu Mungu kwa chuma kilichopinda." Hatukuwa na neno la kujibu.

Mwanamke akawekwa juu ya mkokoteni wa ng'ombe, na muuguzi akaenda pamoja naye. Njia ilikuwa tope tupu. Ilipata usiku ndipo walipofika penye gari, na gari likawafikisha hospitali Bariadi. Yule mama akapasuliwa, akapona. Mtoto hakuwa hai.

Habari ilipofika kijijini watu walikuja nyumbani kwetu, wakasema kama watu wasemavyo, "Ni mapenzi ya Mungu, Mwalimu." Tulinyamaza. Kwa maana jioni ile tulikuwa tumekwenda peke yetu mpaka mwisho wa kiwanja, tukaliona shimo. Lilikuwa shimo la mhanga. Tulitamani liwe shimo la usiku uliopita, kwa kuwa mhanga aweza kuchimba shimo kubwa katika usiku mmoja. Lakini kingo zake zilikuwa zimeota majani. Lilikuwa shimo la majuma mengi. Mtu ye yote ambaye angalitembea hatua 400 zaidi angaliliona.

Siku ya tatu alikuja fundi kwa gari, mtu mzima mwenye leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, akiwa na masanduku ya vyombo. Tulimwomba tumtumikie, tumchotee maji na kumshikia taa. Hakujua kwa nini tulitaka hivyo. Tulikaa naye siku nne, na mambo tuliyoyaona twayaandika hapa, kwa kuwa yana faida hata kwa mtu asiyewahi kuigusa ndege.

Kwanza, hakushika spana. Alifungua kitabu cha waliotengeneza ndege ile, akasoma, ingawa kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka mingi. Tukamwuliza, "Bwana fundi, bado hujakijua kwa moyo?" Akajibu, "Nakijua. Ndiyo sababu nasoma. Mtu anayejua kwa moyo ndiye asahauye."

Pili, aliyazuia magurudumu ya nyuma kwa vipande vya mti, akaufunga mkia chini kwa uzito penye pete yake, hata pua ikainuka polepole, akaitegemeza kwa jeki. Vijana walitaka kuukalia mkia kwa nguvu, akawakataza, kwa kuwa bati lake ni jembamba na huvunjika.

Tatu, kabla ya kufungua nati hata moja alitoa hewa yote iliyosalia katika mguu, akangoja. Akasema hewa iliyobanwa yaweza kumrushia mtu chuma usoni na kumwua. Na mpira vile vile: gurudumu la ndege limeunganishwa kwa nusu mbili zilizofungwa kwa bolti, fundi akizifungua kabla ya kutoa upepo, nusu zile hupasukana kama bomu. Alivitenga vyombo vyake katika kitambaa safi, kila kimoja mahali pake, akavihesabu.

Nne, alitoa beringi za gurudumu akaziosha hata zikang'aa. Akazitazama moja moja penye mwanga wa jua, kama kuna vidoa vya kutu, au mikwaruzo, au rangi ya buluu iletwayo na joto. Nzuri akazijaza grisi mpya kwa kiganja cha mkono. Nati ya ekseli hakuikaza sana wala hakuilegeza. Aliizungusha kama kitabu kilivyosema, akatia pini ili isifunguke. Katika ndege nyingi kazi ya namna hii hufanywa kila baada ya saa fulani za kuruka, hata kama hakuna kilichoharibika.

Tano, aliufungua mguu wenyewe. Ndani yake mna pete za mpira zizuiazo mafuta yasitoke. Pete zile zilikuwa zimechanika, wala si kwa shimo tu. Alitupitishia ukucha juu ya ule mti wa chuma uangazao, tukasikia mikwaruzo midogo. Akasema, "Hii ni kazi ya vumbi na tope. Likikauka juu ya chuma, kila mguu ushukapo huingia ndani likisaga pete kama msasa." Dawa yake ni kitambaa safi chenye mafuta ya aina ile ile, kupangusa chuma kila siku, jambo la nusu dakika. Mwanzoni tulidhani kitu kikubwa huharibiwa na kitu kikubwa.

Alipokwisha kutia pete mpya, aliusukuma mti ndani kabisa, akajaza mafuta mekundu mpaka mdomo wa tundu, akaupandisha na kuushusha mara nyingi ili mapovu yatoke, akajaza tena. Ndipo akatia naitrojeni, akitazama saa ya kupimia. Kila ndege ina kipimo chake. Kwa mfano kitabu cha Cessna 172 hutaja ratili 45 kwa kila inchi mraba, tena huonya watu wasizidishe. Tukamwuliza, "Je, ukizidisha si itakuwa na nguvu zaidi?" Akasema hapana: mguu ukisimama wima kupita kiasi hauwezi kunyonya kishindo, tena katika ndege za namna ile mguu ukinyooka kabisa gurudumu hujifunga lielekee mbele, lisimtii rubani akiwa chini. Basi hata wema una kipimo.

Sita, kulikuwa na silinda ndogo kando ya mguu, izuiayo mtetemo. Mmeona gurudumu la toroli likikimbia juu ya sakafu, jinsi litikisikavyo huku na huku. Gurudumu la ndege likifanya hivyo katika mwendo mkali hutikisa ndege nzima, hata saa zote za rubani hazisomeki. Mara nyingi huanzia katika vitu vidogo: mafuta kupungua katika silinda ile, bushi za mkasi kulika, beringi kulegea, au mpira usio sawa. Fundi alitwambia, "Rubani akisikia mtetemo kidogo, asiseme utakwisha wenyewe. Hauishi. Hukua." Sisi tukakumbuka neno la wazee: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Saba, alilala chali ndani ya ndege penye miguu ya rubani, kichwa chini, taa mkononi, akautazama ule ukuta wa chuma ambao mguu umefungwa hapo. Alitafuta mikunjo katika bati, na ribiti zilizolegea, ambazo hujulikana kwa masizi meusi yazizungukayo. Alikaa hapo karibu saa nzima. Alipotoka akasema, "Ukuta ni mzima. Mungu asifiwe." Hakumsifu Mungu kabla ya kutazama.

Mwisho alikishika kile chuma cha mkasi kilichopinda. Alikuwa amekwisha kutia kipya, nasi tulidhani atakitupa. Akakiosha, akakipaka dawa nyekundu, akangoja, akaifuta yote, akanyunyiza dawa nyeupe kama unga. Tukangoja tena. Ndipo katika ule weupe ukatokea mstari mwekundu, mwembamba kama unywele, umezunguka penye tundu la bolti. Ulikuwa ufa. Kwa macho yetu hatukuuona kabisa. Fundi akasema, "Kingevunjika lini, hakuna ajuaye. Labda katika kuondoka hapa, labda katika kutua Mwanza. Lakini rubani alifanya haki kukataa."

Usiku ule hatukulala. Mpaka hapo tulikuwa na pahali padogo pa kujificha moyoni. Tulikuwa tukisema, Labda rubani alizidi kuogopa, labda mtoto angaliokoka kama yeye angalikuwa na imani. Ule mstari mwekundu uliondoa maficho hayo. Rubani aliona asichokiona, akasema, Sikioni. Sisi hatukuona, tukasema, Chafaa.

Asubuhi fundi aliandika katika daftari ya ndege yote aliyoyafanya, neno kwa neno, akatia sahihi yake na namba ya leseni. Tukamwuliza kama aweza kuandika jambo ambalo msaidizi wake amemwambia tu. Akacheka, akasema, "Mwalimu, sahihi hii maana yake macho yangu." Ndipo tulipomwambia yeye na rubani habari za hatua 400. Rubani hakutukemea. Alisema tu, "Asante kwa kuniambia. Nami ningaliuliza mara ya pili."

Lakini kulikuwa na mtu mwingine wa kuambiwa. Tulikwenda nyumbani kwa mumewe yule mama, mkewe angali hospitalini. Tukaketi. Tukamwambia yote: mvua, darasa, simu, na shimo lenye majani. Hatukutaja mapenzi ya Mungu, kwa maana si haki kulitumia jina lake kufunika uvivu wetu. Alikaa kimya muda mrefu, akichora chini kwa kijiti. Tulidhani atatufukuza, nayo ingalikuwa haki yake. Mwisho akauliza, "Ndege itakuja tena lini?" Tukamwambia mwezi ujao. Akasema, "Siku hiyo nitakuja. Tutatembea wawili."

Alikuja. Yeye alishika upande mmoja na sisi upande mwingine, kila mtu na fimbo yake, tukipiga nyasi na kutazama chini, mpaka mwisho kabisa wa hatua 900. Hakusema neno juu ya mtoto, wala sisi hatukusema. Lile shimo tulikuwa tumelijaza mawe na kulishindilia. Alisimama juu yake kidogo, kisha akaendelea. Tangu siku ile mpaka tulipohamishwa hatukukitembea kiwanja bila yeye, nasi tukaweka daftari: tarehe, mashimo tuliyoyaona, na majina mawili. Hatukuandika neno "chafaa". Tuliandika, "Tumekitembea chote," au hatukuandika kitu.

Wapenzi, Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho ya kuwa viungo vya mwili vionekanavyo kuwa dhaifu ndivyo vyenye kuhitajiwa. Tuliisoma habari hiyo mara nyingi kanisani, tukidhani ni habari ya wengine. Sasa twajua ya kuwa katika kila nyumba kuna gurudumu la mbele, kitu kidogo kilicho chini, ambacho hapana mtu akionaye ila aliyepiga magoti. Labda ni kamba ya kisima. Labda ni dawa ya mtoto, aliyoambiwa mama aipime kwa kijiko, naye huimimina kwa kukisia. Labda ni sanduku la sadaka lihesabiwalo na mtu mmoja.

Nanyi walimu wenzetu, mnaoandika daftari za shule na za ubatizo: mkiandika ya kuwa mtoto yuko, mwe mmemwona. Mkiandika ya kuwa mgonjwa ametembelewa, miguu yenu iwe imefika kwake. Na mtu akiwauliza jambo ambalo hamkulitazama, msione haya kusema, Bado sijatazama. Neno hilo halimwui mtu.

Tunaomba pia mtukumbuke yule baba na yule mama katika sala zenu, na sisi pamoja nao.

Ni sisi ndugu yenu katika Kristo, mwalimu wa dini, Bariadi.